Kofia nyeupe, pete ya fedha na kamera ya elfu thelathini

Msomaji wa Langoni, Lamu, ameniandikia hivi: "Asalaam aleikum kaka. Nauza kofia za kushonwa kwa mkono, na pete za fedha anazotengeneza ndugu yangu. Wateja wangu wengi ni wa mtandaoni. Kofia zangu kwenye picha zinatoka kijivu kama zimechakaa, na pete zinatoka na madoa meusi. Natumia Samsung Galaxy A15. Nimekusanya shilingi 30,000. Nimeona kamera mpya, imeandikwa megapikseli 48, inauzwa shilingi 9,500. Binamu yangu yuko Mombasa, aweza kuninunulia na kuja nayo kwa basi. Ninunue hiyo, au kuna bora?"

Waalaikum salaam dadangu. Hiyo ya megapikseli 48 iache dukani. Kofia zako huhitaji kamera yoyote mpya kuzipiga, simu uliyo nayo inatosha, nitakuonyesha. Pete ndizo zinazodai kamera, na kwa pesa zako utapata ya mtumba iliyo nzuri kuliko mpya yoyote ya bei hiyo. Mimi ningetafuta Canon EOS 600D na lenzi yake ya milimita 18-55 (ukienda 55 inavuta kitu karibu), nisitoe zaidi ya 22,000, na zinazobaki ninunue tripodi nzito, kadi na betri ya akiba. Ukiikosa kwa bei hiyo, shuka hadi 1100D bila kusikitika.

Kwa nini nakataa ile mpya? Kamera hizo zisizo na jina, zinazouzwa kwa namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, mara nyingi zina kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kidogo cha kiwango cha simu za zamani. Kihisi chenyewe hakina pikseli, yaani nukta za picha, milioni 48. Programu iliyo ndani ndiyo inayotunga pikseli za kujazia, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi ili utoshe wageni. Nyingi hazikupi nafasi ya kuchagua tundu la lenzi (pale mwanga unapopitia) wala muda wa kupiga, kwa hiyo zikikosea, mnakosea pamoja. Simu yako inaishinda.

Na hata hizo 48 zingekuwa za kweli, ungezifanyia nini? Neno megapikseli limewala watu pesa nyingi, hebu tupige hesabu. Instagram huionyesha picha kwa upana wa pikseli 1,080. Picha ya mraba ya kiasi hicho haifiki megapikseli moja na robo. Sasa chukua hiyo 600D, iliyotoka mwaka 2011 ikiwa na megapikseli 18: picha yake ina upana wa pikseli 5,184. Lenzi yake ya 18-55, ile yenye alama ya IS, hukubali kusogezwa hadi sentimita 25 kutoka kwenye kitu, umbali unaopimwa kuanzia kihisi. Ukiivuta hadi 55 ukiwa hapo, fremu nzima inameza eneo lenye upana wa sentimita sita na nusu hivi. Pete ya sentimita mbili inajipatia pikseli kama 1,600 peke yake. Ukate picha utakavyo, bado una ziada. Hata 1100D yenye megapikseli 12 inakupa kama 1,300. Lenzi maalumu ya vitu vidogo, ambayo bei yake ingekula akiba yako yote, haina kazi kwako.

Tuanze na kofia, maana hizo unaweza kuzipiga leo jioni.

Kofia inatoka kijivu kwa sababu kamera, ya simu au ya kitaalamu, haijui kwamba unachoipa ni kofia. Imefundishwa kwamba dunia kwa wastani ni ya kijivu. Ukiipa kitu cheupe juu ya kitambaa cheupe, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na kofia mpya ya bulibuli inageuka ya kuvaliwa shambani. Dawa yake: gusa kofia kwenye kioo cha simu, bonyeza na ushikilie hadi fokasi ijifunge, kisha buruta ile alama ya jua ili mwanga uongezeke kidogo kidogo mpaka nguo ionekane nyeupe lakini mishono bado inasomeka. Ukiona vitundu vya nakshi vimeanza kufutika, umepita, rudi. Kwenye Canon ni kazi ileile kwa jina jingine, fidia ya mwanga (alama ya +/-): weka +1 uone, ukiona imezidi shuka hadi +2/3.

Lakini weupe pekee hauuzi kofia. Anayenunua kofia ya mkono analipia miezi ya mshono, na mshono ni kitu chenye kimo: unainuka juu ya kitambaa kwa unene wa uzi. Mwanga ukitoka mbele, au ukiwasha flashi ya simu, kimo kile kinapotea na kofia inafanana na ile ya mashine. Mwanga lazima ulale, uje kutoka ubavuni, ili kila uzi uwe na kivuli chake. Ivishe kofia juu ya bakuli lililofunikwa kifudifudi, liwe la kuingia sawasawa, iweke mezani, mwanga ukiwa ubavuni mwake, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ya manila irudishe mwanga kidogo. Sogeza manila karibu, rudisha nyuma, utaona vivuli vya uzi vikilainika na kukolea. Chini ya kofia usiweke nyeupe. Weka kitambaa cha kijivu au cha samawati iliyopauka, au ubao mkavu usiong'aa.

Mwanga wenyewe uko nyumbani kwenu. Hukuniambia nyumba yenu ni ya aina gani, ila kama ni ya mawe ya zamani, usitafute studio. Kaa kwenye msana (ukumbi ulio wazi upande mmoja), kiwanda (ua wa ndani) kikiwa ubavuni mwako. Mwanga unashuka kiwandani kutoka juu, unagonga kuta za chokaa, unaingia msana ukiwa umekwisha poa. Mafundi wa picha wa mijini hununua maboksi ya kitambaa na taa ili wapate mwanga wa namna hiyo. Nyumba nyingi za kale ziliangalia kibla, na kwetu Lamu kibla ni kaskazini. Sisi tuko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutuhama: wakati wa kaskazi, Desemba na Januari, adhuhuri linaegemea kusini, na msana uliofunguka kaskazini haupati jua la moja kwa moja. Unaweza kupiga picha mchana kutwa. Wakati wa kusi, Juni na Julai, linaegemea kaskazini na linaweza kuingia, basi piga asubuhi mapema au alasiri, au tandaza shashi nyeupe juu ya uwazi. Kama kwenu ni nyumba ya kisasa, dirisha lisilopigwa na jua na pazia la shashi vinatosha. Kivuli cha mwarobaini usikitumie, majani yanapaka kila kitu ukijani, na kofia nyeupe ndiyo ya kwanza kuonyesha.

Zima taa zote ukipiga kwa mwanga wa mchana. Hili nasisitiza kwa sababu lilinigharimu. Miaka ya nyuma nilimpigia rafiki yangu bangili za fedha jioni, nusu mwanga wa dirisha, nusu balbu ya njano. Upande mmoja wa bangili ulitoka fedha, wa pili ukatoka kama dhahabu. Mteja wa ng'ambo akaagiza akidhani ni za rangi mbili. Zilirudishwa, na gharama ya kutuma tuliilipa sisi. Balbu ya njano ina mwanga wa kama kelvini 2,700, mchana ni kama 5,500, na hakuna kamera inayoweza kuvisawazisha vyote viwili katika picha moja.

Kwa simu yako, jambo la mwisho: rudi nyuma mita moja na utumie 2x, usiisogelee kofia. Lenzi kuu za simu zinaona kwa upana mkubwa, ukizikaribia zinavimbisha kilicho mbele, na kofia namba 22 inafanana na tenga. Hali ya kufifisha nyuma usiitumie, inakula kingo za nakshi. Na ile kamera ya tatu, ya vitu vya karibu, ina megapikseli 2 tu. Sahau kama ipo. (Hizo 50 za kamera kuu ni za kweli, ila simu huunganisha pikseli nne kuwa moja, kwa hiyo picha ya kawaida inatoka na 12 hivi. Zinakutosha, hesabu umeiona.)

Sasa pete.

Ile picha ya pete ya kigae cha kaure (kipande cha kaure kilichopachikwa kwenye fedha) uliyoniambatishia nimeivuta nikaitazama vizuri. Kwenye ukingo wa fedha, upande wa kushoto, kuna doa jeusi lenye umbo la mstatili. Ni simu yako. Chini yake kuna vitu viwili vyekundu kama punje za komamanga. Ni ncha za vidole vyako, nadhani una hina. Na juu ya kigae, pale palipo ua la buluu, kuna mraba mweupe umelifunika nusu: dirisha. Pete haikuwa na doa hata moja. Fedha iliyosuguliwa ni kioo, na kioo hakipigwi picha, kinachopigwa ni chumba kilichomo ndani yake. Kwa hiyo kazi ya pete ni kupanga chumba.

Chukua boksi la katoni lenye ukubwa wa boksi la sabuni za kufulia. Kata madirisha ubavuni na juu, uyafunike kwa shashi au karatasi nyeupe nyepesi, ndani utandike manila nyeupe inayopinda kutoka sakafuni kupanda nyuma bila kona. Pete ikikaa humo inaona weupe pande zote. Hapo utakutana na tatizo la pili: pete inakuwa nyeupe mno, imekufa, kama ya plastiki. Fedha hutambulika kwa kuwa na cheusi kando ya cheupe. Kata kipande cha karatasi nyeusi, upana wa vidole viwili, kisimamishe ndani ya boksi nje kidogo ya fremu, na utazame: mstari mweusi unapita kwenye mviringo wa pete na ghafla pete inapata umbo. Kisogeze mpaka mstari ukae unapopataka. Mimi hapo huchukua dakika kumi na tano, kupiga ni sekunde. Wanaovaa buibui mna nafuu, weusi ukijitokeza kwenye fedha unafanana na kipande cha karatasi. Mimi na fulana zangu za rangi huwa natafuta kanzu.

Kigae kina kung'aa kwake tofauti. Usibadilishe mwanga, inamisha pete. Kitonge kidogo cha nta nyuma yake kitaisimamisha kwa mwelekeo wowote, na kuinama kwa digrii tano tu kunatosha kuliondoa dirisha juu ya ua.

Humu ndani ya boksi ndimo simu inaposhindwa. Ili pete ijae inabidi uisogeze karibu mno, inajitia kivuli, inajionyesha ndani ya fedha, na mbele ya pete inatoka nene kuliko nyuma. Kamera yenye lenzi ya 55 inasimama mbali zaidi, nje ya mlango wa boksi. Iweke kwenye tripodi, zungusha gurudumu hadi Av (wewe unachagua tundu, kamera inachagua muda), tundu f/11 (namba ikikua tundu linakuwa dogo), ISO (wepesi wa kihisi kunasa mwanga) 100, flashi imezimwa. Kwa kuwa ISO iko chini na tundu ni dogo, kamera itataka muda mrefu, pengine robo sekunde au zaidi, na ndiyo maana ya tripodi. Usipige kwa kubonyeza kidole, weka saa ya sekunde mbili, kwa sababu hata mguso mdogo unatikisa. Na kama uko ghorofani kwenye dari ya boriti, waambie watoto watulie. Ninasema kweli, nimepoteza picha nzuri kwa mtu kupita na ndoo. Usifunge tundu hadi f/22 ukitaraji ukali zaidi, huko picha inaanza kulainika.

Fokasi ifanye kwa mkono. Washa picha kwenye skrini, bonyeza kitufe cha kukuza hadi mara kumi, zungusha pete ya lenzi mpaka ukingo wa kigae ukate kama wembe. Hapa ndipo ninapoipenda 600D kuliko 1100D: skrini yake inafunguka na kugeuka, hivyo ukipiga kutoka juu huhitaji kupanda kigoda. Rangi nayo ipange mara moja kwa siku: piga karatasi nyeupe ndani ya boksi, kisha kwenye menyu ya mizani ya weupe (WB) iambie kamera kwamba hicho ndicho cheupe.

Ununuzi wenyewe. Canon 600D na 1100D hazina Wi-Fi, kwa hiyo utahitaji kisoma kadi cha kuchomeka kwenye simu, ni kitu cha bei ndogo. Ukipata 1300D, iliyotoka 2016, hiyo ina Wi-Fi na megapikseli 18, ila skrini haigeuki. Nikon D3200 nayo si mbaya, na ina faida moja kwa mnunuzi wa mtumba: kila picha inahifadhi ndani yake idadi ya mara ambazo shata (kile kipazia kinachofunguka kila unapopiga) imepiga. Shata yake ilijaribiwa hadi mara 100,000, hivyo ukikuta 15,000 unacheka, ukikuta 90,000 unashusha bei. Canon nyingi haziandiki idadi hiyo kwenye picha, unabaki kuangalia raba zilivyolika na maandishi ya vitufe yalivyofutika.

Cha kuogopa zaidi kwenye mtumba, na hasa uliozunguka pwani yetu, ni ukungu ndani ya lenzi. Mimi niliwahi kununua lenzi katika duka moja Nairobi, nje inang'aa kama mpya, nikafika nayo nyumbani, nikaimulika tochi: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, zimetambaa kutoka ukingoni hadi katikati. Haisafishiki kwa kitambaa, iko ndani kati ya vioo, na ikianza kula kioo alama haiondoki. Kwa hiyo binamu yako aivue lenzi kwenye kamera, amulike tochi upande mmoja na atazame kutoka upande wa pili, akiinamisha huku na huku. Vumbi chembe mbili tatu si neno. Nyuzi, aache.

Ikifika Lamu, isilale kabatini na nguo wala ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi hunywa unyevu na ukungu huipenda. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, tia vifuko vya silika, na kamera iishi humo. Silika ikishiba unyevu, ile ya rangi hubadilika na kukuambia, unaikausha kwa moto mdogo kwenye sufuria kavu na kuirudisha. Mchele usitumie, unaacha unga. Lenzi usiibadilishe ukiwa gatini wala ndani ya boti ya Shela: upepo ule una chumvi, na kihisi kikishika chumvi fundi wa karibu ni safari.

Kabla hujatuma M-Pesa, binamu yako afanye haya mbele ya muuzaji. Apige ukuta mweupe kwa f/16 aone kama kuna vidoa vinavyokaa mahali palepale kwenye kila picha (ni vumbi la kihisi, husafishwa, lakini bei ishuke). Apige sarafu ya shilingi kumi kwa 55, karibu iwezekanavyo, kisha akutumie WhatsApp kama dokumenti, si kama picha, kwa sababu ikitumwa kama picha hubanwa na hutaona kitu. Ivute uangalie kingo za maandishi. Akague kama chaja ni ya betri hiyo hiyo: 600D hutumia LP-E8, na 1100D hutumia LP-E10, na hazibadilishani. Nimeshaona mtu amepanda basi la Mokowe na kamera nzuri na chaja ya nduguye.